Ng'ombe Wangu, Altezza Yake

Anataka gari la mbio la zamani, alitumie kila siku kati ya Tarime na Mugumu. Hela haitoshi, na zizini kuna ng'ombe. Mhariri wenu alirudi nyumbani kuamua ugomvi, akajikuta ameinama chini ya boneti.

Simu iliita saa nne usiku. Mdogo wangu si mtu wa kupiga simu usiku, kwa hiyo kabla sijapokea nilishajiandaa kwa habari ya msiba.

"Dada, nimeiona," akasema, anahema. "Nyeupe. Gia sita. Iko Mwanza kwa dalali."

"Umeona nini?"

"Altezza, dada. RS."

Wenzangu mliokuwa vijana miaka ya 2000 hamhitaji maelezo. Kwa wadogo zetu: Altezza ni Toyota iliyoanza kutengenezwa mwaka 1998, ikasimamishwa 2005. Japani iliipa tuzo ya Gari la Mwaka 1998-1999, na nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus, IS200 na IS300. Mhandisi aliyesimamia kazi hiyo, Nobuaki Katayama, alitaka kurudisha kitu kilichokuwa kinapotea: gari dogo la milango minne ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinunua, injini mbele, nguvu zote zinaenda magurudumu ya nyuma. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi ya bei mbaya, duara moja kubwa lenye viduara vitatu ndani. Taa zake za nyuma zenye kioo cheupe ziliigwa dunia nzima. Kijana akishuka kwenye Altezza mbele ya ukumbi wa muziki, hakuwa na haja ya kujitambulisha.

Nilimwelewa, wala siwezi kusema sikumwelewa. Sisi ni watoto wa Tarime. Mpaka wa Sirari hauko mbali, na ng'ambo yake ni Kenya ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo zamani yalikuwa yanaingia mpaka Tanganyika na Uganda. Toyota Celica iliyashinda mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Baba alikuwa akisikiliza matokeo kwenye redio huku akihesabu ng'ombe wanaoingia zizini, na ole wako upige kelele. Ugonjwa huu ni wa kurithi.

Shida ilikuwa hela. Mdogo wangu alikuwa na milioni 10, akiba ya miaka mitano. Dalali anataka milioni 11 na nusu. Weka bima, weka nauli, weka kubadili jina, upungufu ni zaidi ya milioni 2.

"Sasa utazipata wapi?"

Kimya. Halafu: "Nimefikiria wale ng'ombe, dada. Watatu tu. Nitawarudisha."

Hapo nikaketi kitandani.

Wale ng'ombe ni mimi

Lazima nieleze, maana msomaji wa Masaki au Mikocheni anaweza kudhani nazungumzia mifugo. Kwetu Wakurya, ng'ombe wanaoletwa kwa ajili ya binti hawali majani bure. Ndio wanaomwozesha kaka yake. Nilipoolewa, waliingia ng'ombe kwa baba, na tangu siku ile kila mtu nyumbani anajua ni wa nani: ni wa mdogo wangu, kwa ajili ya mke wake. Mke mwenyewe keshapatikana, muuguzi wa Mugumu kule wilaya ya Serengeti, msichana ambaye sijawahi kumwona akicheka bila sababu. Wazee wamekubaliana ng'ombe 12. Zizini wako 12. Hakuna wa ziada.

Kwa hiyo wazo lilikuwa kupeleka tisa na kuomba muda kwa watatu. Mchumba hajui. Baba hajui. Mimi nilipigiwa kwa sababu bila mimi hakuna anayeweza kugusa hata mkia.

Niwe mkweli: nilipanda basi kwenda Mwanza nikiwa na lengo moja tu, kuliua hilo gari.

Usiagize kwa hisia

Swali la kwanza nililomuuliza tulipokutana: kwa nini usiagize Japani, upate lililotulia? Alikuwa na jibu, na lilikuwa zuri. Gari la aina hii likiingia nchini, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini isiyozidi sisi 2,000, VAT asilimia 18, na tozo nyingine ndogo ndogo. Juu ya hapo, gari dogo lenye zaidi ya miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Altezza ya mwisho kabisa ni ya 2005, kwa hiyo hakuna inayokwepa. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Ingiza modeli na mwaka, utajua mapema badala ya kuzimia bandarini.

Na kuna jambo jingine. Sheria ya Marekani inaruhusu gari la nje ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya soko lao kuingia likishafikisha miaka 25. Altezza za 1998 zilifikisha mwaka 2023. Sasa kijana wa Tarime anagombea gari moja na kijana wa Texas, na unajua nani ana mkwanja.

Kwa hiyo unanunua la hapa hapa, lililoingia zamani. La kwetu lilikuwa na namba C.

Lakini hapo napo, tahadhari kwa nyie wa mpakani. Kuna watu watakuletea Sirari gari zuri lenye namba za Kenya kwa bei ya kutupa. Kama halijalipiwa ushuru huku na kusajiliwa Tanzania, hujanunua gari, umenunua kesi. Mdogo wangu alishaonyeshwa moja, Celica ya milango miwili, nyekundu. Nashukuru alikimbia, ingawa nina wasiwasi alikimbia kwa sababu ya milango.

Boneti ilipofunguliwa

Tulikwenda na fundi wetu wa Tarime. Ni mzee wa makamo ambaye kazi yake kubwa ni Mark II, zile GX 110. Nilimlipia nauli, chakula na siku yake ya kazi, na nikwambie, hakuna hela niliyotumia vizuri zaidi mwaka huo.

Ile Altezza ilikuwa nzuri. Nasema hivyo nikiwa adui yake. Imesimama uani, imeoshwa, maandishi ya RS200 nyuma yanameta. Mdogo wangu alisogea kama mtu anayeingia kanisani. Dalali akatia ufunguo.

"Usiwashe," fundi akasema. Akaweka kiganja juu ya injini. Ya moto. "Mmeshaiwasha asubuhi. Tutasubiri ipoe."

Dalali hakufurahi. Tulisubiri saa mbili na nusu, tukanywa soda. Injini inayokula oili huwa inajitaja ikiwashwa ya baridi: moshi wa bluu unatoka nyuma, kisha unapotea ikishapata moto. Muuzaji mjanja anaipasha kabla hujafika. Hii yetu ilipopoa na kuwashwa haikutoa moshi, na fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akainama tena ndani ya boneti, akafuta vumbi kwenye kibati, akaniita mimi. Mdogo wangu hakumwita.

"Dada, soma hapo."

Nikasoma: GXE10.

"RS ni SXE10," akasema kwa sauti ya chini. "Hii siyo RS. Hii ni AS. Hayo maandishi ya nyuma yamebandikwa."

Kwa wasiojua, tofauti ni hii. RS200 ina injini ya silinda nne, 3S-GE, yenye nguvu farasi 210 ikiwa ya gia za mkono, na nguvu hizo inazitoa ikizunguka karibu mara 7,600 kwa dakika. Ni injini ya mbio kwelikweli, inapenda petroli ya oktani ya juu na mtu wa kuibembeleza. AS200 ina silinda sita, 1G-FE, farasi 160. Mpole zaidi. Na hiyo 1G-FE ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye GX 110, kwenye Verossa, na kwenye Crown za miaka ile.

Nilimtazama mdogo wangu akipokea habari. Masikini, alikuwa kama mtu aliyeambiwa mchumba wake ana mume. Alitaka kuondoka. Mimi nilikuwa tayari nimeshika mkoba. Ushindi wangu ulikuwa umekamilika.

Fundi ndiye aliyetuharibia. "Unalia nini?" akamuuliza. "RS ikikufia Nyamongo, spea utaitafuta Dar. Hii ikifa, nafungua Mark II yoyote. Ukitaka gari ya kuangalia, chukua RS. Ukitaka gari ya kwenda kazini, hii ndiyo umepewa na Mungu."

Nimefikiria sana maneno hayo tangu siku ile. Kwenye magari haya ya zamani ya mbio tunanunua jina, tunasahau kuuliza ni gari gani la kawaida mtaani linalochangia naye tumbo. Altezza inachangia na Mark II. Mark X ya 2.5 inajichangia yenyewe, ziko kila kona. Celica ya mwisho mwisho, ile ya 1.8, injini yake ni 1ZZ, iliyotumika kwenye magari mengi tu, lakini zile za mwanzo zina sifa mbaya ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Ukishajua hilo, hata kupatana bei unapatana vingine.

Na tulipatana. Dalali alianza na "zote ni Altezza tu, bosi," lakini aliposomewa kibati mbele ya mteja mwingine, sauti ilishuka. Fundi akaingia chini ya gari. Bushi za mbele zimekwisha, boljoint moja inacheza, hakuna stika wala risiti inayoonyesha mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Namba ya chesisi ililingana na kadi, lakini jina kwenye kadi halikuwa la dalali wala la mtu aliyekuwepo. Tukasema mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho, la sivyo tunarudi Tarime. Alikuja saa kumi jioni. Tukaangalia pia kama namba hiyo inadaiwa faini za trafiki; zilikuwepo mbili, zikalipwa na muuzaji. Kutoka milioni 11 na nusu tukafika milioni 8 na nusu.

Piga hiyo simu

Mdogo wangu akaanza kuhesabu. Mimi nikamshika mkono.

"Kabla hujatoa hata senti, mpigie."

"Nani?"

"Unamjua."

Alijaribu kila njia. Kwamba atamfanyia sapraizi. Kwamba yuko zamu. Kwamba mwanamke anapenda kuona matokeo, hapendi mchakato. Nikamwambia mimi ni mwanamke na nimeolewa miaka minane, na katika hiyo miaka hakuna sapraizi ya milioni 8 iliyowahi kunifurahisha. Akapiga. Nikamlazimisha aweke sauti nje.

Alieleza vibaya, akaanzia mwisho, akaruka habari ya ng'ombe. Nikamkazia macho, akarudi, akaisema. Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda ambao hata dalali aliacha kuchezea funguo.

"Ulitaka kuuza watatu?"

"Nilifikiria tu."

"Wifi yupo hapo?"

"Nipo, wifi," nikasema.

"Shikamoo wifi. Ina milango mingapi?"

"Marahaba. Minne."

"Mama yangu anaweza kuingia nyuma bila kukunjwa?"

Nikaenda nikaketi nyuma. Nikamwambia ukweli: ataingia, ila magoti yatamlalamikia, na asikae katikati.

"Ng'ombe wasiguswe," akasema. "Na kila kinachonunuliwa kwa ajili ya hiyo gari nataka risiti. Siyo kwamba sikuamini. Nataka tujue inakula kiasi gani." Kisha akasema ana mgonjwa, akakata.

Sijui kama mdogo wangu alielewa kilichotokea pale. Mimi nilielewa. Nilikuja kuua gari, nikaondoka nimepata wifi.

Milioni 1 na laki 4

Hiyo ndiyo bei ya pili, ambayo haiandikwi kwenye tangazo. Mkanda wa taimingi na tensheni yake na wota pampu, vyote kwa pamoja, kwa sababu ni ujinga kufungua mara mbili. Kama huna ushahidi wa mkanda, badilisha kwanza halafu ndiyo uendeshe. Ukikatika barabarani injini inaweza kuharibika vibaya. Bushi, boljoint, oili ya injini na ya giaboksi, plagi, bima. Na matairi.

Matairi yalileta machozi mengine. Altezza ilikuja na rimu za inchi 17, tairi 215/45. Ukuta wa tairi hilo ni kama milimita 97 tu kati ya rimu na shimo. Fundi akasema zitoke, ziwekwe za inchi 16 na tairi 205/55, ukuta karibu milimita 113, na tairi zima halibadiliki sana kimo. Milimita 16 unaona ni kitu gani? Pita Nyamwaga, utaniambia. Zile rimu za 17 ziliuzwa, zikapunguza gharama, na ndivyo tulivyoishia kwenye milioni 1 na laki 4. Kwenye zile milioni 10 ikabaki laki moja ya mafuta.

Barabara yenyewe

Kutoka Tarime kwenda Mugumu kuna njia mbili. Ya mkato inapita Nyamwaga na Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, inavuka Mto Mara, kama kilomita 87. Ujenzi wa lami umekuwa ukifanyika humo kwa vipande vipande, na anayeijua atakwambia kipande kinaweza kukupa raha kisha kikakutupa kwenye mchepuko bila kuaga. Njia nyingine ni kuteremka lami ya Musoma, kupita daraja la Kirumi, mpaka Makutano, ndipo uingie Nyamuswa na Natta. Ni mbali mno, lakini sehemu kubwa ya lami ni raha tupu. Huko Altezza inaimba. Inaimba kwa kiasi, maana kila kijiji kina alama ya 50 na mara nyingi chini ya mwembe kuna askari.

Miezi ya kiangazi gari lilifanya kazi bila kinyongo. Kwa daftari la wifi, lita moja inakwenda kilomita 9 mpaka 10. Siyo Vitz, lakini halijawalaza njiani.

Kisha ikaja Aprili. Mwanaume alikuwa hajamwona mchumba wiki mbili, akaona njia ndefu inamchelewesha, akakata kushoto kuelekea Nyamongo mvua ikiwa imeanza. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, likiwa jepesi nyuma, kwenye udongo mweusi uliolowa, linakuwa na mawazo yake. Mkia ulitangulia, pua ikafuata mtaroni. Bampa ilipasuka, yeye mwenyewe hakuumia.

Nilipata picha kutoka kwa wifi, bila maneno yoyote. Altezza nyeupe imetapakaa tope mpaka madirishani, na mbele yake, wamefungwa kwa mnyororo wa jembe la kukokota, ng'ombe wanne wanaivuta.

Tangu hapo kuna sheria. Masika gari linalala Tarime na kupelekwa kazini tu, na mwenye hamu apande Noah au Probox kama binadamu wengine. Sheria ilitungwa Mugumu.

Siku ya ng'ombe

Mahari ilipelekwa Julai, vumbi tupu. Ng'ombe 12 kwenye Fuso, wazee mbele na dereva, na sisi nyuma kwenye Altezza tukila vumbi la Fuso kwa mwendo ambao hata baiskeli ilitupita mara moja. Baba mdogo alikaa mbele, akalalamika njia nzima kwamba amekalishwa chini kama mtu anayeoga. Bampa ilikuwa bado na mshono wa waya. Mdogo wangu alitaka ipakwe rangi kwanza, wifi akauliza risiti ya rangi iko wapi.

Wakwe walihesabu ng'ombe kwanza. Walihesabu mara mbili, wakawapapasa, wakamkataa mmoja, wakabishana, wakamkubali. Ndipo mzee mmoja, babu mdogo wa bibi harusi, akaja na fimbo yake mpaka kwenye gari. Akalizunguka pole pole. Akainama kuangalia chini, akagonga boneti kwa kidole.

"Mura," akamwita mdogo wangu. "Na huyu naye ni wa mahari?"

"Hapana, babu. Huyu ni wa kutembelea."

"Anakula nini?"

"Petroli, babu. Lita moja kilomita tisa." Alisema kwa fahari kidogo, kwa sababu sasa hizo hesabu anazijua.

Mzee akafikiri, akaangalia upande wa zizi, wale kumi na wawili walikuwa wameshaanza kung'oa majani ya wenyeji bila kukaribishwa. Akagonga boneti mara moja tena, akaenda zake kuwatazama.